Mwandishi Wetu wa Karagwe

Kwa miaka minne nilikuwa mwandishi wa gazeti, wala hakuna aliyelijua hilo ila mume wangu na watu wengine wawili. Wote ambao jambo hili lingewaaibisha wamekwisha kwenda zao, nami nimechoka kulibeba peke yangu. Sitafuti sifa wala huruma. Nataka kulisema mara moja tu, kwa utaratibu wake, nipumzike.

Baba yangu alikuwa mtu wa pwani. Alifika Karagwe na msafara wa pembe za ndovu, akashikwa na homa, wenzake wakamwacha. Alipopona akaoa Mnyambo wa Nyakatuntu, ndiye mama yangu. Kwa hiyo nilikua na lugha mbili jikoni. Baba akisema "fulani ameandikwa," alikuwa na maana kwamba mtu huyo amechukuliwa upagazi: jina lake limetiwa kwenye karatasi na mzigo umetiwa kichwani pake. Walipokuja Wadachi neno hilo likazidi uzito. Boma liliandika watu wa kulima barabara, likaandika wapagazi, likaandika askari. Karani akionekana anapanda kilima na karatasi yake, wanaume waliingia migombani, na wanawake wakabaki uani wakisema, "Hapa hakuna mtu." Mama aliliokota neno lile la baba akalitia katika Kinyambo chake, na kinywani mwake lilibaki na maana moja tu, kukamatwa. "Wamemwandika mjomba wako," aliniambia siku moja nilipotoka kuteka maji. Alikuwa anamenya ndizi na machozi yanadondokea maganda.

Kwa habari, mama alikuwa na neno la kwao, amakuru. Mgeni akiingia alipewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, kisha ndipo aulizwe amakuru. Naye aliyatoa taratibu, akiwatazama waliokaa mbele yake, akipunguza sauti palipo na mfiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitapeleka habari kwa watu nisiowaona, wala sikujua kwamba kufanya hivyo ni kazi nyingine kabisa.

Niliolewa na mfanyabiashara wa Kiislamu ambaye baba yake, kama baba yangu, alitoka pwani. Tulikaa kwanza Bukoba miaka miwili. Jirani yetu alikuwa karani wa serikali aliyesomea pwani, na mkewe, mwanamke mcheshi aliyekuwa na upweke mwingi, alinifundisha herufi za Kizungu kwa mkaa juu ya kigae. Mume wangu alisoma chuo cha Kurani na kuandika kwa herufi za Kiarabu vizuri sana, lakini hizi za Kizungu zilimkataa. Tuliporudi Karagwe tukafungua duka karibu na boma dogo, upande wa Ndama. Tuliuza kaniki, chumvi, majembe na shanga, tukanunua ngozi na samli.

Kaka wa mume wangu, aliyekuwa pwani, ndiye aliyetuletea bidhaa, na pamoja na bidhaa akatuletea gazeti. Lilichapwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kizungu, na lilitufikia miezi kadhaa baada ya kutoka, limekunjwa ndani ya robota la nguo. Asubuhi nilimsomea mume wangu jikoni mara mbili, tatu, mpaka akayashika maneno. Mchana watu wakikusanyika barazani, yeye alilifungua gazeti mbele yao akayatoa yote kwa moyo, na macho yake yakitembea juu ya karatasi kama ya msomaji. Sikumcheka. Alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu, na watu walipenda.

Katika ukurasa wa mwisho wenye gazeti walikuwa wakiwaomba watu wa bara wawapelekee habari za kwao. Mume wangu ndiye aliyesema tujaribu. Mara ya kwanza niliandika juu ya senene, wale panzi wa kuliwa: jinsi walivyoshuka mwaka ule wengi mno, mpaka majani ya migomba yakainama. Nikatia jina la mume wangu mwishoni, maana jina la mwanamke nisingethubutu. Baada ya miezi mingi tukaikuta habari ile imechapwa, na juu yake maneno haya: "Mwandishi wetu wa Karagwe atuarifu."

Mume wangu alifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Alilitamka lile neno "mwandishi wetu" barazani siku nzima. Mzee mmoja aliyekuja kununua chumvi akamsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Wetu? Nani hao wanaosema wetu?"

"Wenye gazeti," mume wangu akajibu.

"Kumbe. Basi wewe ni wao," alisema yule mzee, na hakusema kwa ubaya. Alifunga chumvi yake kwenye jani la mgomba akaenda zake. Tangu siku ile watu wengine walipoliona gazeti wakawa wanakaa mbali kidogo, na mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake kwa nguo ya gome, asije akaandikwa.

Niliendelea kuandika. Niliandika juu ya chui, juu ya mvua, juu ya harusi, juu ya ng'ombe wenye pembe ndefu waliopita wakipelekwa mnadani. Nilianza kuona kila kitu kama kitu cha kuandikwa. Nikienda msibani nilikuwa nikipanga sentensi kichwani huku wenzangu wanalia. Hilo nalo naliungama.

Mwaka wa tatu mvua ya mawe iliipiga Bugomora. Sisi tulisikia ngurumo tu kwa mbali, lakini wiki chache baadaye mume wangu alikwenda huko kutafuta ngozi, nami nikafuatana naye kwa sababu nilikuwa na shangazi wa mama huko. Siku ya tatu ya safari tukaingia mahali ambapo migomba yote ilikuwa imelala chini, majani yamechanwachanwa kama nguo kuukuu, na mikungu midogo mibichi inaoza matopeni. Watu walikuwa wanachimba mizizi. Shangazi yule tulimkuta amekwisha zikwa.

Aliyetukaribisha alikuwa mvushaji wa mtoni. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya mto Kagera, mahali ambapo mafunjo yanaachia uwazi na maji yanakwenda polepole. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mikono mirefu, na mtumbwi wake aliuchonga mwenyewe kwa gogo moja. Mkewe alinishika mikono miwili akanitazama. Nilipomtajia ukoo wa mama akasema, "Kumbe wewe ni mwana wa dada yetu!" Akatupa viazi vitamu. Wakati ule, kiazi kimoja Bugomora kilikuwa karamu, nao walitupa sita.

Nikamuuliza mvushaji viazi hivyo vimetoka wapi.

"Ng'ambo," akasema. "Ng'ambo mvua ile haikupiga. Kila ukoo hapa una jamaa zake kule. Nawavusha asubuhi mapema, wanakwenda kuomba, jioni nawarudisha."

"Nao wanakupa nini?"

Akacheka. "Watanipa nini, mwanangu? Si unawaona walivyo?"

Alikuwa amevusha hivyo kila siku tangu mvua ile. Asubuhi iliyofuata nilipanda mtumbwi wake pamoja na wanawake watano waliobeba vikapu vitupu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia. Mvushaji alipiga kasia, na tulipofika akambeba yule mama na mtoto wake juu ya tope ili wasilowe. Nilimtazama, nikajisemea kwamba mtu huyu lazima ajulikane.

Tuliporudi nyumbani nikaandika. Niliandika vizuri kuliko siku zote. Nilieleza mvua ya mawe na njaa, nikamtaja mvushaji kwa jina lake na jina la baba yake, nikaeleza kivuko kilipo, kati ya mafunjo gani na mwamba upi, na jinsi watu wanavyokwenda ng'ambo na kurudi kila siku kwa huruma ya mtu mmoja asiyedai kitu. Nilimsomea mume wangu, naye akasema, "Hii itawaliza watu pwani." Tukaipeleka.

Mambo mawili niliyajua lakini sikuyaweka pamoja. La kwanza, boma lilikuwa limekataza watu kuvuka mto bila ruhusa, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wanakimbilia upande wa Waingereza kukwepa upagazi na kazi ya barabara. La pili, gazeti halikusomwa barazani kwetu tu. Lilisomwa bomani pia, na la boma lilifika mapema kuliko letu.

Zikapita kama siku mia na hamsini. Siku moja askari alikuja dukani akasema mume wangu anaitwa bomani. Alirudi saa sita anatabasamu, amebeba bunda la karatasi nyeupe na chupa ya wino.

"Karani kanisimamisha mbele ya bwana mkubwa," alisema. "Kaniita Bwana Mwandishi. Bwana mkubwa kasema nimeisaidia serikali, na akaamuru nipewe vitu hivi."

"Umeisaidia kwa lipi?"

"Hakusema. Kasema niendelee vivyo hivyo."

Karatasi zile zilikuwa laini, sijapata kushika mfano wake. Tuliziweka sandukuni na nguo za Idi.

Siku ya sita baada ya hapo, mke wa mvushaji alisimama mlangoni pangu. Nilimtambua kwa sauti, maana uso ulikuwa umejaa vumbi. Alikuwa ametembea siku tatu nyuma ya askari waliomleta mumewe amefungwa mnyororo shingoni. Wafungwa wa boma dogo lile walilishwa na jamaa zao, naye hakuwa na jamaa huku isipokuwa mimi.

"Walifika mapambazuko," alinieleza huku ninamnawisha miguu. "Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, kama watu waliozaliwa pale. Mtumbwi wakaupasua kwa shoka, yeye wakampiga kiboko palepale mbele ya watoto. Wanasema aliandikwa. Lakini karani hajafika kwetu mwaka huu wote. Sasa nani amemwandika?"

Nilikuwa nimeinama juu ya miguu yake. Nikaendelea kuisugua.

Alikaa kwangu miezi mitatu. Kila siku alipika kwenye mafiga yangu, akafunga chakula kwenye majani, akakipeleka mahali wafungwa walipokuwa wanachonga barabara mlimani. Alinisaidia kulima, akanifundisha kusuka mkeka kwa namna ya kwao, usiku akalala chumba kimoja na mimi mume wangu akiwa safarini. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Asubuhi akinishukuru, nilitoka kwenda kupanga ngozi. Gazeti letu lilipofika nililisoma peke yangu nyuma ya ghala la ngozi. Yote yalikuwamo, hata mwamba. "Mwandishi wetu wa Karagwe atuarifu." Hawakubadili neno hata moja.

Nilimwonyesha mume wangu. Akakaa chini juu ya robota, akafunika macho.

"Usimwambie," alisema.

"Wiki ya kumi hii ananiuliza ni nani."

"Ukimwambia, itakuwa mimi. Jina lililoandikwa pale ni langu."

Ilikuwa kweli, nami nikanyamaza tena kwa sababu hiyo, mpaka mvushaji alipofunguliwa.

Mkewe na jirani mmoja walimleta wakimshika huku na huku. Alikuwa amekonda, kifua kinapiga filimbi kila anapovuta pumzi, na shingoni kulikuwa na pete ya kidonda mahali pa mnyororo. Nikampa uji, akaunywa wote. Nikaona kwamba nikimwacha aondoke bila kujua, sitaweza tena kumtazama mtu yeyote usoni. Nikaenda sandukuni nikatoa gazeti, nikakaa chini mbele yao.

"Baba," nikamwambia, "aliyekuandika ni mimi."

Mkewe akadhani sijaelewa ninachosema. "Wewe ni mwanamke," alisema.

"Najua kuandika. Niliandika mimi, jina tu ndilo la mume wangu. Nilitaka watu wajue wema wako."

Mvushaji akaniambia, "Nisomee."

Nikamsomea yote, nikigeuza kwa Kinyambo kila sentensi. Nilipomaliza alitikisa kichwa polepole.

"Hukuongeza kitu," alisema.

"Sikuongeza."

"Hata lile jiwe la kivukoni."

"Hata lile jiwe, baba."

Mkewe alisimama. Alichukua kikapu chake na ule mkeka tuliousuka pamoja, akautazama, akaurudisha chini, akatoka na kikapu tu kwenda kukaa chini ya mgomba mmoja mwembamba, uani. Nilimpelekea maji, hakuyagusa. Tangu saa ile hakula tena cha mkononi mwangu.

Mvushaji alibaki ndani. Aliniuliza kama maneno yale yanaweza kufutwa. Nikamwambia hayafutiki, karatasi ni nyingi, ziko miji yote. Akafikiri sana, kifua kikipiga filimbi.

"Basi sikiliza," akasema. "Hawakunifungua kwa huruma. Wameniambia mtama ukishavunwa nirudi hapa, niwatembeze askari mto wote, niwaonyeshe kila kivuko. Wanasema gazeti limewaambia hakuna anayeujua mto kama mimi. Nikikataa, mnyororo. Nikikubali, watu wote niliowavusha watashikwa, na wale wanaowavusha mahali pengine pia. Nikikimbia, watamshika mkungu wetu na ndugu yangu wanilipie." Mkungu ndiye mkuu wa kijiji kwao. "Uliniandika mara moja. Niandike tena. Andika kwamba nimekufa."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Hilo halifanyiki," alisema. "Kweli tuliyoiandika imeleta haya. Uongo utaleta nini?"

"Bwana," mvushaji akamwambia kwa upole, "mimi sijui mambo ya kweli na uongo wa karatasi. Najua kwamba wakiona kitu mle ndani wanakiamini. Nimekiona hicho kwa mgongo wangu."

Walipoondoka, mume wangu na mimi tulibishana siku mbili. Alisema tutaulizwa Kiyama. Nikamwambia tutaulizwa pia kuhusu yule mwanamke. Alisema mwandishi akisema uongo mara moja, hata senene wake watakuwa uongo. Nikamwambia sijali senene. Mwishowe aliswali alasiri, akabaki kwenye mswala, akasema bila kunitazama, "Andika. Lakini usinisomee."

Niliandika juu ya karatasi ile laini ya boma, kwa wino wa boma. Maneno yalikuwa machache: kwamba yule mvushaji wa Bugomora aliyesifiwa zamani katika gazeti hili amefariki dunia kwa ugonjwa wa kifua, na kwamba watu wa mtoni wanamlilia. Mikono yangu ilikuwa mikavu wala haikutetemeka. Hilo lilinishangaza.

Kule kwao mvushaji na mkungu walikwisha patana. Aliondoka kabla ya mtama kuiva. Ndugu yake ndiye aliyemsindikiza mpaka ukingoni, naye mvushaji akavuka juu ya mafunjo yaliyofungwa pamoja kwa sababu mtumbwi haukuwapo tena. Mkewe na watoto walikuwa wamfuate baadaye, mmoja mmoja, maneno yakishatulia. Siku ya pili mkewe akanyoa nywele kama mjane, wakachimba kaburi na kuzika gogo la mgomba.

Askari walipofika, mkungu aliwaonyesha kaburi. Hawakumwamini, wakamchukua mpaka bomani. Alikaa ndani majuma mengi akishikilia neno lake. Kisha gazeti likafika. Karani mwenyewe alikuja dukani kutuhadithia, anacheka kwa aibu. "Mkungu kasema kweli tangu mwanzo," alisema. "Imo gazetini. Bwana mkubwa kamwachilia leo. Pole, Bwana Mwandishi, najua mtu yule ulimpenda."

Mume wangu alipokea pole ile. Akampa karani mikono miwili, akaitikia, akaingia ndani na hakutoka tena siku hiyo.

Natamani ningeishia hapa.

Mvua za masika zilipokwisha, mke wa mvushaji alikuja tena. Safari hii hakuingia. Alisimama uani, nami nikatoka.

"Shemeji yangu amechukua kibanja," alisema. Kibanja ni shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, ndiyo maisha yote ya mtu wa kwetu. "Amechukua kibanja, na sasa anasema mimi pia ni wake, kwa desturi, kwa kuwa ni mjane wa kaka yake."

"Lakini si yeye aliyemsindikiza mtoni? Anajua yu hai!"

"Anajua kuliko mimi. Nilimwambia mbele ya wazee. Akacheka akasema, kama yu hai aje adai. Akasema, gazeti limesema amekufa, na boma limesema amekufa, sasa wewe mwanamke nani utabishana na gazeti? Wazee wakatazama chini. Wakisema yu hai, mkungu atafungwa."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilimwambia nitaandika tena, nitasema palikuwa na kosa.

Alinitazama. Hapakuwa na hasira machoni pake, na ningependa ingekuwapo.

"Wewe usiandike tena," alisema. "Nimekuja kukwambia hilo tu. Siku tatu nimetembea kukwambia hilo tu."

Akageuka akaondoka. Nilimfuata mpaka njia panda nimebeba chumvi na kipande cha kaniki. Hakuvipokea.

Mwezi uliofuata alitoweka Bugomora pamoja na watoto wake wawili wadogo. Binti mkubwa alikuwa ameolewa, akabaki. Mchuuzi mmoja wa ngozi aliyekuwa akipita pande zote mbili za mto ndiye aliyetuletea habari. Alisema wamefika, wote wako pamoja, wanalima viazi katika ardhi ya mtu mwingine, na mume kifua chake kibaya, hawezi kasia wala jembe. Nilimshukuru Mungu. Baada ya kama mwaka mmoja na nusu mchuuzi yuleyule akarudi akasema mvushaji amefariki, kwa ugonjwa wa kifua, kama nilivyoandika.

Kule Bugomora hakuna aliyemlilia. Walikwisha mlilia. Binti yake mkubwa, mchuuzi alinieleza, alipopata habari aliingia shambani akalima mpaka jioni, mvua ikimnyeshea, kwa kuwa angelia majirani wangeuliza ni nani aliyekufa.

Sikuandika tena. Matoleo mawili matatu baadaye gazeti lilisema mwandishi wetu wa Karagwe amenyamaza, je, hajambo? Mume wangu alitaka nimsomee maneno yale mara mbili kama zamani, lakini hakuyapeleka barazani. Watu wakimwita Bwana Mwandishi alikuwa akiitikia kwa kuinua mkono tu. Karatasi zilizobaki tulifungia bizari na pilipili manga mpaka zikaisha. Kisha vita ya Wadachi na Waingereza ikaja, gazeti likakoma kufika, askari wa upande huu na wa upande ule wakapita dukani wakachukua walichotaka, na mume wangu akafa katika miezi ile ya mwisho, kwa homa, akiwa amechoka kama mimi.

Vita ilipokwisha Waingereza wakawa pande zote mbili za mto, na watu wakaanza kuvuka bila kificho. Siku moja ya kiangazi niliinua kichwa dukani nikamwona mke wa mvushaji. Alikuwa mzee kweli sasa, ana fimbo, na kijana mrefu amesimama nyuma yake na mzigo. Nikajua kwa mikono yake mirefu kwamba ni mwana wa mvushaji. Walikuwa wanarudi Bugomora. Yule shemeji alikwisha kufa, kibanja kilikuwa kimeota majani.

Tuliamkiana. Aliniuliza hali ya mume wangu, nikamwambia, akasema pole. Nikamuuliza kama mvua imenyesha ng'ambo, akasema kidogo. Akataka chumvi. Nikampimia, nikazidisha konzi moja, akaiona konzi ile, hakuirudisha. Aliifunga kwenye pindo la nguo yake mafundo mawili.

"Kaa kidogo mama, jua kali," nikamwambia.

"Njia ni ndefu," alisema.

Yule kijana alijitwika mzigo, akamtangulia. Nilisimama mlangoni nikawatazama wakishuka kilima, mama akienda polepole kwa fimbo yake, mwanawe akimngoja kila penye jiwe.